Sauti 24 Kichwani: Zenye Tunapenda Kwa Disco Elysium na Zenye Zitakumaliza

Piga picha hivi. Unaamka kwa chumba hukijui. Uko na chupi pekee, kichwa kinagonga kama spika za mat ya Rongai, tai yako inazunguka juu kwa feni, dirisha limepasuka na kiatu kimoja hakionekani. Unajaribu kukumbuka jina lako, hakuna kitu. Si ati umesahau jana. Umesahau maisha yote.

Na kabla hata hujapata suruali, kuna watu washaanza kukubongesha. Mmoja anakuambia tafuta fegi. Mwingine anasema simama wima, wewe ni mwanaume. Mwingine anataka muongee na hiyo tai. Ukiangalia chumba, hakuna mtu. Wote wako ndani ya kichwa chako, na wako 24.

Karibu Disco Elysium, gemu yenye adui wako mkubwa ni kichwa chako mwenyewe. Kama umewahi kuicheza, najua uko na sauti unayoipenda na ingine ungependa kuifungia kwa stoo. Kama hujawahi, tulia, nitakuelezea pole pole, na sitakuambia nani aliua nani.

Gemu yenyewe ni gani?

Ilitengenezwa na studio inaitwa ZA/UM, iliyoanzia huko Estonia, na ikatoka Oktoba 2019 kwa kompyuta. Mwaka huo huo ikabeba tuzo 4 za The Game Awards, moja ikiwa ya hadithi bora. Machi 2021 wakatoa toleo la The Final Cut, lenye wahusika wote wanaongea kwa sauti badala ya wewe kusoma tu. Baadaye ikafika hadi Xbox na Nintendo Switch, na mwaka 2025 ikaingia simu za Android. Wale waliounda huu ulimwengu, akina Robert Kurvitz, Aleksander Rostov na Helen Hindpere, waliondoka kwa hiyo studio mwishoni mwa 2021, na maneno yakawa mengi. Hiyo ni stori ya siku ingine.

Wewe ni karao. Uko kwa mji unaitwa Revachol, mtaa wa Martinaise, mtaa wa bandari uliosota hadi kuta zinalia. Nyuma ya hoteli kuna mtu amening'inia kwa mti, na mwili umekaa hapo siku saba bila mtu kuushusha. Wafanyakazi wa bandari wako kwa mgomo na kampuni imekasirika. Ulitumwa kupeleleza hiyo kesi, ukaingia mtungi siku tatu mfululizo hadi ukajifuta kumbukumbu. Sasa umetumiwa mwenzako kutoka stesheni ingine, Luteni Kim Kitsuragi, msee mpole wa miwani na jaketi ya rangi ya machungwa, na lazima ufanye kazi kama mtu anajua anachofanya.

Hakuna kupigana kwa kubonyeza bonyeza. Kila kitu ni kubonga. Kubonga na watu, kubonga na vitu, na zaidi ya yote, kubonga na nafsi yako.

Sauti zinafanya aje kazi?

Hapa ndio utamu uko, kwa hivyo usiruke.

Gemu nyingi za aina hii zinakupea pointi za nguvu, akili, kasi na kadhalika, na hizo pointi ni namba tu. Disco Elysium imechukua hizo namba ikazipea mdomo. Ujuzi umegawanywa kwa familia nne: akili, nafsi, mwili na mikono. Kila familia iko na sauti sita, jumla 24. Unapoanza unagawa pointi 12 kwa hizo familia nne, na hapo ndio unaamua ni nani atakuwa anaongea sana ndani ya kichwa chako.

Ukitaka kufanya kitu kigumu, unarusha dadu mbili. Jumla yake inaongezwa kwa pointi za ule ujuzi, halafu inalinganishwa na ugumu wa kazi. Jaribio likiwa jeupe, ukifeli unaweza kurudi baadaye ukiwa umeongeza huo ujuzi. Likiwa jekundu, ni mara moja tu, ukifeli unaishi nalo. Na hata uwe mkali aje, dadu zikianguka moja na moja, umeenda. Ndio maana gemu inaweza kukuonyesha una nafasi ya asilimia 97 na bado ukaanguka vibaya mbele ya watu. Sita na sita nazo zinakuokoa hata kama ulikuwa unajaribu wazimu.

Lakini kuna majaribio mengine huoni. Unapoongea na mtu, pointi za sauti zinalinganishwa na ugumu chini ya maji, bila dadu, na ile imefaulu inaingilia mazungumzo: huyu anadanganya, huyu anaogopa, huyu mpige ngumi. Kama pointi zako kwa hiyo sauti ni kidogo, itanyamaza na hutajua ulikosa nini.

Sasa sikiza hapa vizuri, ju ndio siri ya gemu yote. Kwa The Final Cut, karibu hizi sauti zote zimesomwa na mtu mmoja, Lenval Brown, mwenye sauti nzito, imetulia, kama mzee wa kanisa anasoma matangazo. Yule anakuambia ukweli na yule anakuuza wanasikika sawa. Hakuna muziki wa kukuonya. Hakuna rangi nyekundu. Ni sauti nzuri tu inakuambia kitu kwa ujasiri.

Na ukiongeza pointi kwa sauti moja, haimaanishi inakuwa na hekima. Inamaanisha inaongea zaidi. Hiyo ni tofauti kubwa sana, na nitairudia mbele.

Twende kwa orodha. Tuanze na wenye tunawapenda.

Encyclopedia: yule beshte anajua kila kitu isipokuwa chenye unataka

Kila mbogi iko na huyu msee. Mko kwa stage mnangoja mat, anaanza kukuelezea mbona reli ilijengwa ilivyojengwa. Hajui nauli ni ngapi, lakini anajua injini ilitoka wapi.

Encyclopedia ni huyo. Anaweza kukupea historia ya mapinduzi ya Revachol, aina za magari na majina ya wafalme waliokufa zamani, lakini hawezi kukukumbusha jina lako mwenyewe. Uko mbele ya shahidi wa maana, yeye anakuletea habari za redio. Ni mzigo, ndio. Lakini bila yeye hutaelewa mbona huo mtaa umejaa mashimo ya risasi ukutani, mbona watu wamechoka hivyo. Nampenda ju hana uovu. Hakuuzii kitu. Anafurahia tu kujua.

Inland Empire: yule wa ndoto

Huyu ndiye anaongea na vitu. Ile tai yako kwa feni? Kama Inland Empire yuko juu, tai inakujibu, na inataka mrudi kwa keroro. Ule mwili kwa mti? Inland Empire anaweza kukufanya umuulize marehemu maswali, na uone kana kwamba marehemu anajibu.

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikaelewa. Huyu si pepo. Huyu ni ile sehemu ya kichwa chako inaona kitu kabla hujaweza kukieleza. Unaingia kwa keja ya mtu unahisi hapa kuna kitu hakiko sawa, na hujui ni nini. Makaratasi hayasemi. Ushahidi haujafika. Lakini nyanya yako angesema "roho yangu imekataa", na mara nyingi roho ya nyanya haikuwa inakosea.

Shida yake ni kwamba ukimpea pointi nyingi sana, hutofautishi tena ndoto na barabara. Mpe za kumtosha.

Shivers: mtaa unaongea

Hii hakuna gemu ingine nimeiona nayo. Shivers iko kwa familia ya mwili, na kazi yake ni kusimamisha nywele za shingo. Unasimama nje, upepo unapita, theluji inaanguka, na ghafla unaonyeshwa mji: dirisha fulani mbali, mtu anatembea peke yake, taa ya barabara, bahari. Mji wote unapita ndani ya mgongo wako.

Kama umeishi mtaa mmoja miaka mingi, unajua hii kitu. Uko Kayole ama Githurai saa kumi na moja asubuhi, giza bado, mama wa mandazi amewasha jiko, konda anaita wa kwanza, na unahisi huu mtaa uko hai na unakujua. Hakuna mtu amekuambia chochote. Umehisi tu.

Shivers haikusaidii sana kwa kesi mwanzoni. Wasee wengi wanairuka wakisema haina maana. Wacha nikuambie: mpe pointi, vaa jaketi, nenda usimame nje usikize. Kuna mahali gemu itakufikisha, na hutasahau.

Empathy: anaona chini ya maneno

Mtu anakutusi, Empathy anakuambia huyu ana uchungu. Mtu anacheka, anakuambia huyu amechoka. Kuna Cuno, kijana mdogo wa mtaa anayerushia ule mwili mawe, mdomo wake mchafu kuliko choo cha stage, na anajiita kwa jina lake kila saa kama msanii. Sauti zingine zinataka umzabe kofi. Empathy ndiye anakufanya uangalie kule nyumbani anakotoka.

Na kuna mama mmoja kwa hiyo gemu ambaye lazima umpelekee habari mbaya. Kuna tu namna ya kusema. Siku hiyo utafurahi uliweka pointi kwa Empathy.

Sasa tuingie kwa wale wengine

Physical Instrument: kocha wa gym asiyelala

Huyu ni ule msee wa gym ya mtaa wa vyuma vya saruji, kila swali jibu lake ni kifua. Una huzuni? Piga pushapu. Mtu amekuuliza swali? Mwangushe. Kuna jitu moja linaitwa Measurehead limesimama kwa geti likikuzuia kupita, na huyu kocha anakuona tayari ukiruka teke la hewani. Wakati mwingine inashika. Wakati mwingine, wacha tu.

Simchukii kabisa. Ni mchangamfu. Lakini ushauri wake wa maisha ni wa mtu hajawahi kuulizwa hali yake.

Half Light: kila mtu ni adui

Kazi ya Half Light ni kukulinda. Anasikia hatari kabla ya masikio. Ukiwa kwa vita ya ukweli, anaweza kukuokoa. Lakini Half Light hajui tofauti ya jambazi na mtu wa kuuza vitabu. Kila mtu anakuja kukumaliza. Kila mlango una kisu nyuma yake. Ukimsikiza siku nzima utakuwa ule msee anakanyagwa mguu kwa mat anataka kupigana hadi na dereva.

Kinachoniudhi ni kwamba anaongea kama anakupenda. Woga ukivaa nguo za ulinzi, ni ngumu kuukataa.

Authority: niheshimu!

Ungefikiri karao anahitaji huyu. Na ndio, kuna mahali anasaidia. Lakini Authority anaona kila mazungumzo ni mashindano ya nani mkubwa. Mtu amekujibu vibaya kidogo, anataka upige kelele hadi akuheshimu. Na kila mtu aliyekulia hapa kwetu anajua: mtu akianza kupiga kelele "unajua mimi ni nani?", heshima ilishaondoka kitambo.

Kibaya zaidi, uko na hangova, hauna kiatu, na hujui mwenyewe wewe ni nani. Kim amesimama hapo kando na notibuku yake, kimya, na watu wote wanamsikiza yeye. Hajainua sauti hata mara moja.

Electrochemistry: adui namba moja

Nimefika kwa huyu, na hapa sitafanya mzaha sana.

Electrochemistry ndiye bwana wa raha. Keroro, fegi, madawa, miili ya watu. Kuna kazi anakupea kwa gemu: utafute sigara. Na anachekesha, maze. Ana maneno matamu, anakuita kama beshte wa zamani mmekutana tena klabu. Na gemu yenyewe imefanya ujanja: ukivuta fegi unaongezewa kwa akili, ukinywa unaongezewa kwa mwili, kwa muda kidogo, huku ukilipa kwa afya ama kwa moyo wako. Kwa hivyo yeye hadanganyi kabisa. Anachokuambia kinafanya kazi. Kwa muda kidogo.

Nilimpenda sana mara ya kwanza nikicheza. Nilimpea pointi. Nilicheka naye. Halafu usiku mmoja nikafunga laptopu katikati ya mazungumzo, ju nilikuwa nimemtambua.

Mimi sikuwa mtu wa keroro. Mimi nilikuwa mtu wa mikeka. Nilianza na mbao, halafu punch, halafu ikawa kila wikendi, halafu nikaanza kubeti mechi za nchi siwezi kukuonyesha kwa ramani. Mdogo wangu yuko chuo. Alikuwa amefanya kazi ya mjengo likizo nzima, akanitumia elfu nane na mia tano nimuwekee, ziwe za chumba muhula ukifunguliwa, ju yeye mwenyewe hakuwa anajiamini nazo. Aliniamini mimi.

Unajua ile sauti ilisema nini? Haikusema "mwibie". Ingesema hivyo ningekataa. Ilisema kwa upole: chukua elfu mbili tu, Jumamosi zitakuwa tano, unamrudishia zake na unabaki na za shopping. Ilikuwa na hesabu. Ilikuwa na ujasiri. Timu tatu ambazo haziwezi kufungwa nyumbani. Asilimia 97, unaona?

Jumamosi timu ya pili ikafungwa dakika za mwisho. Jumapili ile sauti ikarudi, bado imetulia, na ikaniambia sasa kuna njia moja tu ya kurudisha zile elfu mbili. Jumanne hakukuwa na kitu.

Nilimwambia mdogo wangu kwa simu. Alinyamaza, halafu akauliza, "Zote?" Nikasema zote. Akakata. Wiki mbili hakushika simu yangu, na alianza muhula akilala chini kwa chumba cha msee wa class yao.

Kwa hivyo ukiniuliza ni sauti gani siipendi kwa Disco Elysium, ni hiyo. Si ju imeandikwa vibaya. Ni ju imeandikwa vizuri sana. Waandishi walijua kwamba mtego haukuji na pembe. Unakuja ukicheka, unakujua jina, na unakumbuka siku moja kweli ulishinda.

Wale wa katikati, haraka haraka

Logic ni mkali lakini anapenda sifa. Ukimsifu kidogo anaweza kumeza uongo mzima. Drama anajua nani anadanganya na anakuongelesha kama wewe ni mfalme. Conceptualization ni ule msee wa kuambia kila mtu kazi yake haina ubunifu. Visual Calculus anakuchorea nyayo na njia za risasi hewani, poa sana kwa kesi. Esprit de Corps anakuonyesha vile makarao wenzako wanabonga kukuhusu ukiwa haupo, na utaumia kidogo.

Savoir Faire anataka ufanye kila kitu kwa swagi. Yeye ndiye atakushawishi uhepe deni la hoteli kwa kuruka kinyumenyume ukimwonyesha meneja vidole. Ukifeli, unaenda kugonga mama mzee kwa kiti cha magurudumu. Jaribu hiyo angalau mara moja kwa maisha.

Na namba moja yangu: Volition

Hukutarajia, si ndio? Mara ya kwanza nikicheza nilimwona Volition ni mboring. Yeye ndiye wa nia, wa kujishikilia. Raha imefika, anasema hapana. Umekasirika, anasema pumua. Ni kama mathe anapiga simu uko klabu.

Lakini angalia kazi yake kwa gemu. Uko na vipimo viwili vya uhai. Kimoja ni cha mwili, kikiisha unakufa. Kingine ni cha moyo, kikiisha unakata tamaa, unaacha kazi, na gemu imeisha hapo. Volition ndiye anashika hicho cha pili. Bila yeye maneno tu yanaweza kukumaliza. Kiti kibaya kwa ofisi ya bosi wa chama cha wafanyakazi kinaweza kukumaliza.

Na kuna mahali unahoji mgeni mmoja wa hoteli anaitwa Klaasje. Ni mrembo, ni mwerevu, anaongea pole pole. Sauti zako unazoziamini zinaanza kukuambia huyu yuko sawa, hana makosa, mwache. Zote zinakubaliana. Ukiwa na Volition wa kutosha, anaingilia na kukuonya kitu cha kutisha: hao wengine wameshaingia kwa mfuko wa huyu dada. Usiwasikize. Hata wale wa akili.

Nilisimama hapo nikatembea kwa keja. Ju mimi nilikuwa nafikiri kichwa changu kikikubaliana chote, basi ni ukweli. Kumbe kichwa chote kinaweza kununuliwa, na lazima ubaki na mmoja hauzwi.

Volition hana stori tamu. Hakuahidi utashinda. Anachosema kwa ufupi ni kwamba leo unaweza kukosa kufanya hiyo kitu, na kesho tutaongea tena. Hiyo tu. Na anaongea kwa sauti ile ile ya wengine wote, kwa hivyo huwezi kumtambua kwa sikio. Unamtambua kwa sababu yeye peke yake hakuambii ujibu sasa hivi.

Si gemu iliniachisha mikeka, usinisome vibaya. Kwanza nilimwambia mdogo wangu ukweli. Halafu nikamwambia sista yetu mkubwa, na mshahara ukifika sasa natuma kwake kwanza, ananirudishia ya chakula na fare. Ni aibu kidogo mtu mzima kupewa fare. Lakini zile elfu nane na mia tano nilimaliza kulipa mwezi wa sita, na mdogo wangu alinijibu kwa neno moja: "Poa." Nililitazama hilo neno kwa skrini muda mrefu. Sauti ya wikendi bado inakuja Ijumaa jioni. Tofauti ni kwamba siku hizi iko na jina, na kitu kikiwa na jina unaweza kukijibu.

Kama unataka kuanza

Usiogope maneno. Gemu iko na maandishi mengi kweli, na Kiswahili bado hawajaweka, kwa hivyo utasoma Kizungu na utatafuta maneno mengine kwa kamusi. Haihitaji kompyuta ya mamilioni, na kwa vile sasa iko Android, wengi wenu mko nayo karibu.

Mara ya kwanza, weka pointi za kutosha kwa familia ya nafsi, ili upate Empathy, Inland Empire na Volition wakiongea. Usiweke mwili chini kabisa, ju unaweza kufa kwa mshtuko wa moyo ukijaribu kutoa tai kwa feni kabla gemu haijaanza vizuri, na si mzaha. Usirudie kila jaribio ulilofeli kwa kufungua upya. Kufeli kwa hii gemu mara nyingi kuna stori tamu kuliko kushinda. Na mchukue Kim kila mahali. Hana sauti kichwani mwako, yuko nje, na ni vizuri kuwa na mtu mmoja nje.

Sasa ni zamu yako. Kwa kichwa chako wewe, nani anashika maiki sana? Ni yule wa kifua, yule wa woga, yule wa raha, ama yule wa kusema "kesho tutaongea"? Na uliza pole pole kabla hujajibu: hiyo inajibu sasa ni nani?